Giza la Pembeni

Mtaani kwetu Kimandolu kila mtu anaijua chulebuni, hata sisi ambao hatujawahi kumiliki mbuni hata mmoja. Kinyozi anajua kwamba ni ugonjwa unaoozesha tunda la kahawa likiwa bado bichi. Muuza mkaa anaweza kukueleza tofauti ya jani lenye kutu na jani lenye njaa ya mbolea, na ukimbishia anakasirika. Elimu hiyo yote tuliipata bure kwenye sebule ya jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye wote tulimwita Bwana Shamba.

Jina lake alikuwa nalo, ila sijawahi kumsikia mtu akilitumia zaidi ya mzee wa kanisa siku ya kusoma ahadi za waumini. Alistaafu kazi ya ubwana shamba, ya kuwashauri wakulima, kabla mimi sijahamia mtaani, na bado wakulima wakishuka kutoka mlimani kuja sokoni walipita kwake wakiwa na matawi ya kahawa yamefungwa kwenye kanga, kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Walikaa kwenye benchi la barazani wakisubiri zamu.

Alikuwa na projekta. Aliinunua kwenye mnada wa vifaa vya mradi fulani wa kilimo uliofunga ofisi, akapaka ukuta mmoja wa sebule rangi nyeupe, akashona mapazia mazito, na kila Jumamosi saa kumi alasiri mtaa mzima ulijaa humo kuangalia mpira. King'amuzi kilikuwa chake, umeme wake, chai ya mkewe. Ila mpira ulikuwa na ushuru. Kabla ya mechi alirusha ukutani picha tatu za majani au matunda ya kahawa alizopiga mwenyewe miaka na miaka, na hatukuruhusiwa kuona mpira mpaka mmoja wetu ataje ugonjwa wa kila moja. Nimeona watu wazima wakikosa bao la kwanza kwa sababu ya jani.

Ukimjibu kwa haraka, alikukatiza. "Usiniambie jani limekuwaje," alikuwa akisema. "Niambie limeanzia wapi." Hilo ndilo lililokuwa somo lake lote. Jani linaloungua kuanzia pembeni lina njaa. Linaloanza na madoa chini, yenye unga wa rangi ya chungwa, lina kutu. Alisema watu wengi huangalia mwisho wa ugonjwa, wakati mwisho wa magonjwa yote unafanana.

Macho yake yalikuwa na sifa mpaka Usa River. Siku moja nilipanda pikapu yake kwenda huko kuchukua mashine ya fotokopi iliyoharibika, naye akiwa anaendesha, anaongea, anagawa salamu dirishani. Mara akafunga breki, akarudi nyuma, akaingia kwenye shamba la watu asiowajua. Akamwambia mwenye shamba aende mstari wa pili, mti wa nne, tawi la upande wa mlima. Yule mama alikwenda akarudi na tunda jeusi mkononi, akabaki anatutazama. Shingoni Bwana Shamba alining'iniza lenzi ndogo ya mkono kwa kamba ya kiatu, lakini yeye mwenyewe hakuihitaji. Alisema ni ya wasioamini.

Naeleza mapema ili msomaji asicheke halafu akajuta kama nilivyojuta mimi. Mtu huyo leo haoni. Na katika kutoona kwake mkono wangu umo.

Mimi ni fundi wa mashine za ofisi. Nina kibanda kando ya barabara, natengeneza fotokopi, printa na projekta, na Bwana Shamba alinikabidhi ile yake tangu mwezi wa kwanza nilipohamia. Akiwa na furaha aliniita mwanangu. Akiwa na shaka na kazi yangu aliniita fundi. Kwa jina hilo la pili nilijua kwamba leo nitaulizwa maswali.

Kitu ambacho hakuna aliyekielewa kwake ni namna alivyoamua lini kitu kimezeeka. Kwenye kahawa hakuwa na huruma. Mbuni ukipungua kuzaa alitaka ukatwe shina uchipue upya, na ukatwe sasa, ukiwa bado na nguvu, kwani ukingoja udhoofike hata chipukizi litakuwa dhaifu. Mkewe ni Mmeru wa kule juu Nkoaranga, na yeye Mchaga, na wakati wa uchumba wao alifika ukweni akaangalia shamba, akamwambia baba mkwe kwamba miti yote ya mbele ya nyumba ikatwe. Ilikuwa imepandwa na babu wa binti. Kwa wenyewe huko, mti wa babu haukatwi na mgeni, tena mgeni aliyekuja kuomba mke. Mzee alimfukuza. Bwana Shamba akarudi juma la pili na la tatu, mpaka mzee, kwa kuchoka au kwa hasira, akamwambia basi akate. Akakata. Mkewe anasema baba yake alilia uani na mwaka mzima hakutamka jina la huyo kijana. Msimu wa tatu ukaja mkungu wa ndizi kutoka Nkoaranga, na salamu kwamba magunia hayatoshi.

Kwa vitu vyake mwenyewe alikuwa mtu mwingine kabisa. Viatu alivishonesha mpaka fundi viatu akakataa. Betri ya pikapu tuliisukuma mtaani miaka miwili. Redio yake ilisikika ukiiegemezea sahani. Alisema kitu kinachofanya kazi hakitolewi kazini. Wakulima walimtania kwamba kinyozi hajinyoi, naye alicheka, akawaambia kwamba viatu havizai. Na kitu kingine: kahawa hakunywa. Alikunywa chai ya rangi tangu asubuhi hadi jioni, na ukimuuliza alijibu kwamba kahawa ni ya kuuza.

Taa ya projekta, ile balbu iliyo ndani, ina umri wake. Mashine yenyewe inahesabu saa ambazo taa imewaka, na zikikaribia kikomo inaonyesha onyo. Kabla ya hapo picha huanza kuchoka. Nyeupe inakuwa ya manjano, weusi unakuwa wa kijivu, na watu wanaanza kusogeza viti mbele bila kujua kwa nini. Swali la kila mteja wangu ni lini abadilishe. Ukibadilisha mapema umetupa taa nzima. Ukichelewa sana inaweza kupasukia ndani na kuharibu mashine. Mimi nilikuwa na majivuno yangu kwenye swali hilo. Nilisema fundi wa kweli hangoji onyo wala habahatishi, anaangalia picha na anajua.

Basi Bwana Shamba alipoanza kulalamika kwamba picha ina giza, sikushangaa. Ilikuwa kweli. Kila mmoja aliona imechoka. Nilifungua hesabu ya mashine, nikamwambia taa bado ina saa mia saba, na taa za mashine yake hazitengenezwi tena, zinatafutwa Nairobi, hivyo tuisukume mpaka mwisho. Hilo lilimfurahisha, maana lilikuwa neno lake mwenyewe limetoka kinywani mwa fundi. Akaniita mwanangu.

Baada ya miezi michache akasema tena. Safari hii alisema giza liko pembeni.

"Katikati naona vizuri," aliniambia. "Pembeni kumeliwa."

Nikafuta lenzi. Nikatoa chujio la vumbi, nikalipuliza, na vumbi la Arusha mnalijua, lilitoka la kutosha kupanda mchicha. Nikamwuliza sasa je. Akasema afadhali. Nadhani alisema hivyo kwa heshima. Mwezi uliofuata akasema pembeni bado kumeliwa, nami nikafuta tena. Nilikwenda hivyo kila mwezi kwa karibu miaka miwili, nikiwa na kitambaa changu laini na chupa ya dawa, na kila mara nilipewa chai.

Wakati huohuo tulikuwa tunapata vichekesho. Aligonga nguzo ya geti la kinyozi kwa upande wa kushoto wa pikapu, akashuka, akailaumu nguzo. Kinyozi alisimulia kisa hicho kwa kila kichwa alichonyoa. Barazani akaanza kuwapita watu bila kuwajibu salamu, mpaka mama mmoja akasema uzee umempa maringo. Mezani aliiangusha chupa ya chai mara mbili, tena chupa ileile inayokaa mahali palepale. Tulicheka. Yeye mwenyewe alicheka.

Mkewe ndiye hakucheka. Alikuja kibandani siku moja na kisingizio cha kuulizia bei ya kutoa nakala, akasimama muda mrefu, kisha akaniambia kwamba mzee wake haoni, hasa upande wa kushoto, na kwamba akimwambia anagombana naye. Aliniomba niseme naye, kwa kuwa mimi nikisema anasikia. Nikamjibu kifundi. Nilimwambia mtu akikaa kwenye chumba cha giza akatoka juani macho huchelewa kuzoea, na kwamba taa ile iliyochoka inamlazimisha kukaza macho, tukiibadilisha atapumzika. Nilisema hayo nikiwa nimeinamia printa ya mtu, sikumtazama hata usoni. Alinishukuru akaenda.

Na majani aliendelea kuyataja. Hilo ndilo lililotufunga macho sisi tunaoona. Mkulima aliweka jani mbele ya uso wake, naye akautaja ugonjwa wake bila kukosea. Nani angedhani kwamba mtu anayeona unga wa kutu chini ya jani haoni chupa ya chai?

Onyo la mashine lilipotokea, jekundu, kila tukiwasha, sikuwa na hoja tena. Nikaagiza taa mbili kutoka Nairobi, moja ya kufunga na moja ya akiba, zikafika kwa basi zimefungwa kwenye sponji. Jumamosi nikaifunga mbele ya watu wote. Niliwaonyesha jinsi kioo cha taa kisivyoguswa kwa vidole, maana mafuta ya mkono yanaweza kukipasua. Nilikuwa najisikia. Nikawasha, ukuta ukawaka mpaka mke wa Bwana Shamba akaziba macho kwa kanga. Kinyozi akasema sasa anaona hadi ufa uliofichwa chini ya rangi. Watu wakapiga makofi, nami nikageuka kumtazama mwenye nyumba.

Alikuwa ametulia kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti.

"Katikati safi sana," akasema. "Pembeni bado."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Kinyozi akamwambia mzee anataka mwanga ufike Moshi. Mimi sikucheka, kwa sababu wakati huo ndipo nilipokumbuka kitu ninachokijua tangu nilipojifunza kazi, kitu ambacho ningemwambia mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Taa ikizeeka inafifia yote kwa pamoja. Haianzii pembeni. Kwa miaka miwili mtu alikuwa akiniambia giza limeanzia wapi, kwa maneno yaleyale aliyotufundisha, na mimi nilikuwa nafuta lenzi.

Nilisogea polepole mpaka kushoto kwake. Nikanyoosha mkono pembeni ya uso wake, karibu na sikio, nikachezesha vidole. Hakugeuka. Aliendelea kutabasamu akitazama ukuta. Nilipoinua macho, mkewe alikuwa akinitazama kutoka mlango wa jikoni, ameshika trei. Nikaushusha mkono.

Tulimpeleka hospitali Jumatatu. Daktari, kijana mpole, alimpima, akatueleza kwamba ni presha ya macho, kwamba hula kuanzia pembeni kidogokidogo bila maumivu, na kwamba kilicholiwa hakirudi. Kinachowezekana ni matone ya kulinda kilichobaki. Akamwuliza ni tangu lini.

"Tangu taa ianze kuchoka," Bwana Shamba akajibu.

Daktari hakuelewa, akaandika kitu. Mimi nilielewa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na nililia kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Angekuja hapa mapema, daktari alisema, hali ingekuwa nyingine. Mapema hiyo ilikuwa mikononi mwangu, mara zaidi ya ishirini, na chai juu yake.

Matone aliyatia kwa ratiba kali, akiita kazi hiyo kupulizia dawa, kama ya shambani. Alimdai mkewe amwambie kama tone limeingia katikati. Lakini kilichobaki kilikuwa kidogo, nacho kikaendelea kupungua. Kwanza aliacha pikapu. Halafu akaacha kusoma kitabu cha nyimbo kanisani, akawa anaimba kwa kichwa. Halafu siku moja mkulima alimwekea jani mbele ya uso, naye akalipokea, akaligeuza, akalipapasa kwa dole gumba muda mrefu, kisha akamwuliza yule mkulima rangi yake.

Nilimfanyia nini? Nilifuta projekta yake. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Nilikwenda kila mwezi kama zamani, nikapuliza chujio, nikaangalia saa za taa, nikanywa chai, nikarudi kibandani. Mara nyingi nilijiandaa kumwambia. Nilipanga maneno njiani, kwamba Bwana Shamba, fundi yeyote anajua taa haianzii pembeni, na mimi ni fundi, na nilijua. Nikifika nilimwamkia, akaitikia, nikasahau pa kuanzia. Hata mkewe sikumwambia, ingawa nadhani alishajua tangu ile siku ya trei.

Jumamosi haikufa. Watu waliendelea kuja, na ushuru uliendelea, ila uligeuka. Sasa picha ikiwa ukutani tulimweleza sisi, naye aliuliza. Doa liko juu ya jani au chini? Lina ukingo? Limeanzia wapi? Tukimjibu vizuri alitaja ugonjwa, tukawasha mpira, akausikiliza. Watu walisema mzee amezoea. Mimi sikuona amezoea. Niliona anasubiri mechi iishe ili watu watoke.

Mwezi uliopita mkewe alinigongea ukutani, ndivyo tunavyoitana, akaniambia ninahitajiwa. Ilikuwa siku ya kazi, mchana. Nilimkuta Bwana Shamba peke yake sebuleni, mapazia yamefungwa, projekta inawaka, ukutani kuna jani moja kubwa la kahawa. Lenzi yake ya mkono bado ilikuwa shingoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, fundi," akasema. "Kaa. Nataka uniambie picha ikoje."

Nilitazama. Nyeupe ya ukuta ilikuwa imeshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Jani lililopaswa kuwa kijani lilikuwa limefifia kuelekea manjano. Taa niliyoifunga ile Jumamosi ya makofi ilikuwa inakwisha, na kwenye kabati ilibaki moja tu, ile ya akiba, na baada ya hiyo hakuna nyingine Nairobi wala popote ninapopajua. Nikawaza kumwambia picha ni safi. Asingejua. Watu wa Jumamosi wangesogeza viti, taa ya akiba ingetunzwa, na mzee asingepungukiwa na kitu ambacho bado anacho. Nilifungua kinywa kusema hivyo, nikashindwa.

"Imeanza kuchoka," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Akaweka mikono juu ya magoti, uso wake ameuelekeza ukutani, sawasawa kabisa na pale picha ilipo.

"Imeanzia wapi?" akaniuliza. "Pembeni, au yote kwa pamoja?"

Aliuliza kwa sauti ileile ya Jumamosi, ya mtu anayeuliza habari za doa. Nikajua kwamba anajua. Sijui ni nani alimwambia, au kama kuna aliyemwambia. Pengine alikaa gizani humu akalipigia jambo hilo hesabu mwenyewe, alama moja baada ya nyingine, kama alivyolipigia jani. Maneno yote niliyokuwa nikiyapanga njiani miaka hiyo hayakuwa na kazi tena.

"Yote kwa pamoja," nikasema.

Akaishika lenzi iliyokuwa shingoni mwake.

"Basi hiyo ni taa, mwanangu," akasema. "Ibadilishe leo. Tusingoje."

Nikazima mashine. Taa haifunguliwi ikiwa ya moto, kwa hiyo tulikaa pamoja pale gizani, tukisikiliza feni ikizunguka mpaka ilipojizima yenyewe, ndipo nikainuka kwenda kuchukua ile ya akiba kabatini.